Aga Khan wa Tatu na sadaka ya nusu kwa nusu



Kila Ijumaa, katika misikiti mingi ya Mwanza, mfuko wa mchango hupitishwa safu kwa safu. Hupatikana sarafu na noti ndogondogo, zikahesabiwa, na imamu akatangaza kiasi kilichobaki ili ukuta ufike kwenye linta. Ukuta huo huweza kusubiri miaka. Mara nyingine hutokea mfadhili kutoka mbali akaujenga msikiti mzima kwa msimu mmoja, akabandika kibao mlangoni, akaondoka. Waumini humwombea kheri, lakini bili ya umeme na posho ya mwalimu wa madrasa haviko katika hesabu yake, na mazoea ya kuchanga huwa yamekwisha kulegea. Baina ya njia hizi mbili iko ya tatu, nayo iliwahi kupita katika nchi zetu. Aliyeifungua ni Sir Sultan Muhammad Shah, Aga Khan wa Tatu.

Alizaliwa Karachi tarehe 2 Novemba 1877. Baba yake alifariki mwaka 1885, na mtoto huyo, akiwa hajatimiza miaka minane, akawa Imamu wa 48 wa Waismailia wa Kinizari. Aliyemlea na kusimamia elimu yake ni mama yake, mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, ambaye pia aliangalia mambo ya jamaa hadi mwanawe alipokua. Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu si wa madhehebu yake, na makala haya hayakusudii kuingia katika tofauti za itikadi. Tunamtazama kwa jambo moja tu: jinsi alivyowafanya watu watoe.

Jambo hilo lilianza kuonekana India. Chuo cha Aligarh kilipotaka kuwa chuo kikuu cha Waislamu, alitoa rupia laki moja za kwake, kisha mwaka 1911 akazunguka miji mingi akiongoza uchangishaji. Alikuwa na uwezo wa kutoa zaidi na kukaa nyumbani, lakini alipiga hodi kwa matajiri na kwa watu wa kawaida pia. Zilipatikana rupia milioni tatu hivi, na mwaka 1920 Aligarh kikawa chuo kikuu.

Afrika Mashariki aliijia mara ya kwanza mwaka 1899, akafikia Zanzibar. Mwaka 1905 aliwapa wafuasi wake wa huku katiba iliyoweka mabaraza ya kusimamia mambo yao. Wakati huo baadhi yao walikuwa wamekwisha kuingia bara. Reli ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, meli zikaunganisha bandari za ziwa, na maduka ya Allidina Visram, mfanyabiashara Mwismailia mzaliwa wa Kutch, yakalizunguka Ziwa Viktoria. Mwanza nayo ikapata reli yake kutoka Tabora mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikaivuta biashara zaidi.

Maisha yake yalikuwa na mengi, na si yote yanayofaa ukurasa wa Ijumaa. Alikuwa mmoja wa waasisi wa Muslim League na rais wake wa kwanza, mwaka 1937 aliongoza Baraza la Shirikisho la Mataifa kule Geneva, na farasi wake walishinda mbio za Derby za Uingereza mara tano. Wafuasi wake walimpima kwa dhahabu mwaka 1936 mjini Bombay na mwaka 1937 mjini Nairobi. Mwaka 1946 wakampima kwa almasi, Bombay mwezi Machi na Dar es Salaam tarehe 10 Agosti. Asiyejua undani wake angedhani ni fahari tupu. Almasi zile ziliazimwa. Kilichotolewa hasa ni fedha za michango ya jamaa, naye akaelekeza ziwarudie watu wenyewe kwa njia ya taasisi. Ndiko walikotoka Jubilee Insurance ya mwaka 1937 na mfuko wa mikopo uliokuja kuwa Diamond Trust. Kuhusu bima na riba wanazuoni wana lao la kusema, na mahali pake si hapa.

Linalotuhusu zaidi ni la mwaka 1945. Katika mkutano wa Mombasa aliasisi East African Muslim Welfare Society, jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, hasa Waislamu Waafrika, ambao wengi wao hawakuwa wafuasi wake. Haja ilikuwa kubwa. Shule nyingi bara zilikuwa za misheni. Karibu na Mwanza, wamisionari wa Kikatoliki walikuwa Bukumbi tangu mwaka 1883. Waislamu wa Ziwa, waliokaa zaidi mijini na katika vituo vya biashara, waliona kwamba kumpeleka mtoto shule ni kuihatarisha dini yake, na kumzuia ni kumnyima kazi ya kesho.

Sharti la Aga Khan lilikuwa jepesi kulieleza: kila pauni watakayochanga Waislamu, naye angeweka pauni yake. Wakichanga kumi, kumi, wasipochanga, hapana. Baadhi wangeuona huo ni ubahili wa tajiri. Mimi nauona kuwa heshima. Kwa hesabu hiyo shilingi ya mvuvi wa Ukerewe ikawa shilingi mbili, na mtoaji mdogo ndiye aliyeufungua mfuko wa mkubwa. Mchango nao ulilazimika kuhesabiwa na kuandikwa, maana fedha isiyojulikana kiasi chake haiwezi kuongezewa mfano wake. Tena hakuna aliyeweza kusema kwamba shule ni ya Aga Khan peke yake. Kasoro ilikuwepo pia: kijiji kisicho na kitu, hata kikiongezewa mara mbili, hakina kitu. Palipokuwa na wafanyabiashara ndipo ilipokuwa rahisi kuanza.

Kwa utaratibu huo misikiti na shule zilijengwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mombasa kilianzishwa chuo cha ufundi kwa vijana wa Kiislamu. Aga Khan alitoa pauni 100,000, Sultani wa Zanzibar Seyyid Khalifa bin Haroub akatoa kiasi hichohicho, na Mabohora nao wakachangia. Chuo hicho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Sultan Muhammad Shah alifariki Versoix, Uswisi, tarehe 11 Julai 1957, na kaburi lake liko Aswan, Misri, juu ya mto Nile. Mjukuu wake, Karim, alirithi uimamu na ulezi wa jumuiya.

Kilichofuata ni sehemu chungu. Mwaka 1968 mgogoro ulizuka ndani ya jumuiya hapa Tanzania, na kamati iliyotangulia kujitenga ilikuwa ya kwetu huku Ziwani, Bukoba. Wapo waliosema kwamba Waislamu wa nchi huru hawapaswi kuongozwa na chombo chenye mlezi wa nje. Wapo walioona kwamba mkono wa siasa uliingizwa msikitini. Hoja hizo bado zinabishaniwa barazani. Mwezi Desemba mwaka huo Serikali iliipiga marufuku jumuiya, Bakwata ikaundwa, na mali zikahamia kwake.

Khalifa Umar (RA) alipoiwekea wakfu ardhi yake ya Khaybar, alizuia isiuzwe wala kurithiwa, akataja wa kupewa mazao yake na namna msimamizi atakavyokula kwa wema. Mali za jumuiya zilisimama kwa jina la jumuiya, na jina lilipofutwa, waliochanga nusu ya kila jengo hawakuwa na pa kuuliza. Mwanza ya leo ina kituo cha tiba chenye jina la Aga Khan. Orodha ya watu wa Ziwa waliochanga pauni zilizoifungua mikono yake haijabandikwa katika ukuta wowote.