Dorothea Dix: Mwalimu aliyewatetea wagonjwa wa akili mbele ya mabunge

MACHI 1841, mwalimu mmoja aliingia katika jela ya East Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kuwafundisha dini wanawake waliofungwa humo. Miongoni mwao aliwakuta wagonjwa wa akili wasio na kosa lolote, wamefungiwa bila moto wa kuota ilhali baridi ilikuwa kali.

Mwalimu huyo, Dorothea Dix, alizaliwa Aprili 4, 1802 huko Hampden, Maine. Ingawa afya yake ilikuwa dhaifu, alizunguka jela na nyumba za maskini jimboni humo, akiandika habari za watu waliotiwa minyororo, waliowekwa katika vizimba na waliochapwa viboko.

Kwa kuwa wanawake hawakuwa na haki ya kupiga kura wala kuketi bungeni, waraka wake uliwasilishwa Januari 1843 na mjumbe Samuel Gridley Howe. Licha ya upinzani, bunge la jimbo liliidhinisha kupanuliwa kwa hospitali ya Worcester.

Tangu hapo Dix alikwenda jimbo baada ya jimbo, akikagua, akiandika na kuwashawishi wabunge. New Jersey ilifungua hospitali yake Trenton mwaka 1848, na North Carolina ikafungua ya kwake Raleigh mwaka 1856.

Hata hivyo, alitambua kuwa hazina za majimbo pekee hazingetosha. Mwaka 1848 aliliomba Bunge la Marekani litenge ardhi ya umma, ili mapato yake yawatunze wagonjwa wa akili maskini. Mwaka 1854 mabaraza yote mawili yalipitisha muswada wa ekari milioni 10.

Furaha hiyo haikudumu. Mei 3, 1854 Rais Franklin Pierce aliukataa kwa kura ya turufu, akishikilia kuwa Katiba haikuipa serikali kuu jukumu la kuwahudumia maskini, na kwamba jukumu hilo ni la majimbo. Seneti haikupata kura za kutosha kuutengua uamuzi huo.

Dix alikwenda Ulaya, ambako juhudi zake zilichangia kuundwa kwa tume ya uchunguzi huko Scotland mwaka 1855 na kutungwa kwa sheria mpya mwaka 1857. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, aliteuliwa kuwasimamia wauguzi wanawake wa jeshi la Muungano, kazi iliyomletea sifa pamoja na lawama kwa ukali wake.

Mwaka 1881 alihamia katika hospitali ya Trenton aliyoipigania, na humo akafariki dunia Julai 17, 1887. Hospitali zaidi ya 30 zilijengwa au kupanuliwa kutokana na juhudi zake.

Suala la nani agharamie matibabu hayo liliendelea kuwagawa viongozi. Oktoba 31, 1963, miaka 109 baada ya kura ya Pierce, Rais John F. Kennedy alitia saini sheria ya kutoa fedha za serikali kuu kwa ujenzi wa vituo vya afya ya akili.