MAISHA YA GEORGE WASHINGTON, NA WALE WALIOTUNZA NYUMBA YAKE



Siku ya posho iliyopita, wakati wa salongo, sisi wa klasi ya sita tulitumwa kusafisha depo iliyo nyuma ya masomo. Ndani ya sanduku moja tulikuta daftari kubwa lenye majina ya wanafunzi wa zamani. Mchwa walikuwa wamekula karibu nusu. Mmoja wetu akasema tulitupe motoni pamoja na takataka. Alikuwa na sababu yake, tutaisema mwishoni. Wengine wakakataa. Tulibishana mpaka kengele ya chakula ikalia, na daftari likarudi katika sanduku.

Mabishano yale ndiyo yanatufanya tuandike leo. Tulikumbuka mtu mmoja wa historia ambaye nyumba yake ilikaribia kuanguka, watu wasio na cheo chochote wakaiokoa, na kisha wakapaswa kujiuliza swali kama letu: tutunze mambo yote, ao mazuri tu? Mtu huyo ni George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani.

1. Utoto wake

Washington alizaliwa tarehe 22 Februari 1732 katika Virginia, iliyokuwa koloni ya Uingereza. Baba yake alikufa mwaka 1743, mtoto akiwa na miaka 11 tu. Kaka zake wakubwa, wa mama mwingine, walikuwa wamepelekwa kusoma Uingereza, lakini yeye hakupata bahati hiyo. Alisoma palepale kwao, miaka michache. Alipenda hesabu, akajifunza kupima udongo, na alipokuwa na miaka 17 alikuwa tayari mpimaji wa mashamba mwenye kulipwa. Wale kati yetu ambao baba zao wamekufa wanajua maana ya kuanza kazi mapema.

Lakini kuko neno moja ambalo hatutaki kulificha tangu mwanzo. Katika urithi wa baba yake, mtoto yule wa miaka 11 alipewa shamba na watumwa 10. Ni watu weusi, wa asili ya Afrika kama sisi. Alikua akiona jambo hilo kuwa la kawaida, kama vile mtoto wa kwetu anavyokuta mbuzi katika lupango ya baba yake.

Kaka yake Lawrence alikuwa na nyumba iitwayo Mount Vernon, juu ya kilima kando ya mto Potomac. Lawrence alikufa mwaka 1752. Washington alipanga nyumba ile kwanza, na mwaka 1761 ikawa yake kabisa. Mwaka 1759 alioa Martha Custis, mjane tajiri mwenye watoto wawili. Wao wenyewe hawakuzaa pamoja. Martha alikuja na watumwa wengi kutoka urithi wa bwana wake wa kwanza. Tushike neno hilo, tutalirudilia.

2. Vita

Mwaka 1775 makoloni 13 yalisimama kupigana na Uingereza juu ya kodi, na juu ya kutawaliwa na bunge ambamo hawakuwa na msemaji. Mwezi wa Juni wajumbe wao walimchagua Washington awe mkubwa wa jeshi. Alikataa mshahara, akaomba tu kurudishiwa gharama zake.

Tusifikiri alishinda kila siku. Mwaka 1776 Waingereza walimfukuza New York, na maaskari wengi wakaenda kwao. Hapo, usiku wa Noeli, akavusha watu 2.400 hivi katika mto Delaware, kati ya vipande vya barafu. Asubuhi wakaingia Trenton na kushika karibu Wajerumani 900 waliokodiwa na mfalme wa Uingereza.

Adui mwingine alikuwa ndui. Washington aliwahi kuugua ndui akiwa kijana, alijua ginsi inavyoua. Mwaka 1777 akaamuru maaskari wachanjwe kwa njia ya zamani, kutia usaha wa mgonjwa katika ngozi ya mtu mzima. Ilikuwa hatari, lakini iliokoa jeshi. Katika kambi ya Valley Forge, kipindi cha baridi cha 1777 mpaka 1778, magonjwa mengine na upungufu wa chakula na nguo viliua watu karibu 2.000. Jeshi halikuvunjika. Tarehe 19 Oktoba 1781, kwa msaada mkubwa wa maaskari na meli za Ufaransa, Waingereza waliweka silaha chini huko Yorktown.

3. Kuachilia utawala

Nyuma ya vita, jeshi lote lilikuwa mkononi mwake, na inchi haikuwa na mfalme. Maaskari hawakulipwa. Mwezi wa Machi 1783, huko Newburgh, wakubwa wa jeshi walitaka kulitisha bunge. Washington akaingia katika mkutano wao. Alipotaka kuwasomea barua, alitoa miwani, ambayo wengi hawakuwa wamemwona akiivaa. Waliona ginsi kazi ilivyomzeesha, wengine wakalia, na hasira ikawatoka. Tarehe 23 Desemba mwaka uleule alikwenda Annapolis, akarudisha kazi yake mbele ya bunge, akarudi kulima. Mtu aliyeweza kujifanya mfalme alirudi shambani!

Mwaka 1787 aliongoza mkutano wa Philadelphia ulioandika katiba, na tarehe 30 Aprili 1789 aliapa kuwa Rais. Alichaguliwa mara mbili. Hakuna sheria iliyomkataza mara ya tatu, lakini mwaka 1796 alitangaza kwamba anaacha, na mwaka 1797 John Adams akashika nafasi yake. Wengine wakafuata mfano ule mpaka mwaka 1940, wakati Franklin Roosevelt alipochaguliwa mara ya tatu. Mwaka 1951 mpaka wa mara mbili ukaingizwa katika katiba yenyewe. Sisi watoto wa Afrika tunajua uzito wa jambo hilo, hatuna lazima ya kulieleza mrefu.

4. Wale ambao hakuwaachilia

Mtu huyu aliyejua kuachilia utawala hakujua kuachilia watu. Alipokuwa Rais aliishi Philadelphia. Sheria ya pale ilisema kwamba mtumwa aliyeletwa na mtu anayekaa pale akipitisha miezi sita anaweza kudai uhuru wake. Washington alifanya nini? Aliwarudisha watumwa wake Virginia kwa zamu, mbele ya miezi sita kutimia, kusudi hesabu ianze upya. Mwaka 1793 alitia sahihi sheria ya kurudisha watumwa waliotoroka.

Mmoja wao aliitwa Ona Judge, msichana wa miaka 20 na kitu, mshonaji na mtumishi wa Martha. Alisikia kwamba atatolewa kama zawadi kwa mjukuu wa Martha. Jioni moja ya Mei 1796, wakati wenye nyumba walikuwa mezani, alitoka mlangoni, akapata meli, akafika Portsmouth, katika New Hampshire. Rais alituma watu wamrudishe, mara nyingine tena, lakini wapi! Huko alijifunza kusoma, akawa Mkristo, akaolewa, akaishi katika umaskini mpaka kufa mwaka 1848. Mbele ya sheria alikuwa mtumwa mpaka siku yake ya mwisho, lakini hakurudi.

Inaonekana mambo haya yalimsumbua Washington katika uzee. Mwezi wa Julai 1799 aliandika wosia wake. Watumwa 123 waliokuwa mali yake wapate uhuru Martha akiisha kufa, wazee walishwe na kuvikwa, watoto wasio na wazazi wafundishwe kusoma na kazi ya mikono. William Lee, aliyekuwa pamoja naye vita yote, apate uhuru mara moja. Washington alikufa tarehe 14 Desemba 1799 kwa ugonjwa wa koo, akiwa na miaka 67. Martha hakungoja kufa, aliwaacha huru wale 123 tarehe 1 Januari 1801.

Lakini Mount Vernon ilikuwa na watumwa 317. Wengine 153 walikuwa wa ule urithi wa bwana wa kwanza wa Martha, na kwa sheria Washington hakuwa na ruhusa ya kuwaachilia. Martha alipokufa mwaka 1802, wakagawanywa kwa wajukuu wake. Baba huru, bibi yake na watoto watumwa, kila mmoja njia yake. Ndivyo jamaa nyingi zilivyovunjika.

5. Nyumba inaoza, wanawake wanasimama

Nyumba ilipita mkono kwa mkono katika ukoo wa Washington. Mashamba yalichoka, feza ikakosekana, nguzo zikaoza, hata paa la baraza likashikiliwa na miti. Mwenye nyumba alitaka Leta ya Marekani ao ya Virginia inunue, lakini haikuwezekana.

Mwaka 1853 mama mmoja wa South Carolina, Louisa Cunningham, alipita usiku katika meli juu ya Potomac. Aliona nyumba katika mwangaza wa mwezi, akasikia haya, akamwandikia binti yake Ann Pamela. Binti huyo alikuwa mgonjwa tangu alipoanguka kutoka juu ya farasi katika ujana. Wanawake wa wakati ule hawakuwa na ruhusa ya kupiga kura. Lakini aliandika katika magazeti, akaita wanawake, akaweka mwakilishi katika kila jimbo, na wakaunda chama, Mount Vernon Ladies' Association. Wakaanza kuchanga. Msemaji mkubwa Edward Everett alizunguka inchi akihubiri maisha ya Washington na kuwapa mapato, zaidi ya dola 69.000. Bei ilikuwa dola 200.000. Mkataba ulifanywa mwaka 1858, na tarehe 22 Februari 1860, siku ya kuzaliwa kwa Washington, wakaingia kutengeneza.

Mwaka uliofuata vita ya Kaskazini na Kusini ikaanza, na nyumba ikabaki katikati. Sarah Tracy, mwandishi wa chama, alikaa palepale. Maaskari wa pande zote mbili waliombwa kuacha bunduki inje mbele ya kuingia. Nyumba haikuguswa. Chama kile kiko mpaka leo. Wanawake ndio wanakiongoza, na hakiendeshi kazi yake kwa feza ya Leta.

6. Kutunza mazuri tu?

Ann Pamela alifanya kazi kubwa, lakini tuseme tena bila kuzunguka: jamaa yake mwenyewe ilikuwa na watumwa. Kwa miaka mingi wageni wa Mount Vernon walionyeshwa meza, vitanda na kaburi la jenerali, na habari za watumwa zilisemwa kidogo sana. Hata hadithi ya mtoto George aliyekata mti wa cheri na kukataa kusema uongo, ambayo wengi wetu tuliisikia, iliingizwa mwaka 1806 katika kitabu cha mchungaji mmoja, Weems, na hakuna ushuhuda wowote kwamba ilitokea. Kumbe kwa kusifu ukweli, watu walitumia uongo!

Karibu na kaburi la Washington kuko makaburi ya watumwa, bila majina. Mwaka 1929 chama kiliweka jiwe pale, lakini jiwe liliwaita watumishi, si watumwa. Lilikuwa neno la nusu. Mwaka 1983 likasimamishwa kumbukumbu kubwa, lililochorwa na wanafunzi, ndiyo, wanafunzi kama sisi, wa Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi. Ni nguzo iliyokatika, kama maisha yaliyokatwa, na juu ya ngazi zake tatu kumeandikwa imani, tumaini na upendo. Tangu mwaka 2014 wachunguzi wanatafuta mahali pa kila kaburi kwa uangalifu, bila kufukua mifupa.

Je, Washington amekuwa mdogo kwa sababu hiyo? Sisi tunaona hapana. Usiku wa Delaware na siku ya Annapolis haviondoki. Lakini Ona Judge naye haondoki. Kama wangetunza mmoja tu, wangekuwa wametunza nusu ya nyumba.

7. Neno letu

Sasa turudilie daftari letu. Mwenzetu aliyetaka lichomwe alikuta ndani jina la babu yake, na pembeni limeandikwa kwamba alifukuzwa. Nyumbani hawakumwambia hata siku moja. Alisikia haya, na sisi tuliocheka tulikosa. Tunamwomba msamaha hapa mbele ya masomo yote.

Tulipomsomea habari hii mbele ya kuipiga mashine, alinyamaza, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe ataandika ukurasa ule. Yeye ametupa ruhusa ya kusema hivi. Kuanzia juma lijalo, nyuma ya etude ya jioni, watu sita wa klasi yetu watanakili majina yote yanayosomeka katika daftari jipya: waliopata diploma, waliokufa, na waliofukuzwa. Pahali mchwa walipokula, tutaacha wazi. Hatutajaza kwa kubuni.

Sisi tunaondoka mwaka huu. Tunawaomba ninyi wa klasi ya tano, na hata ninyi wadogo wa kwanza, mwendelee. Na kama kuko mtu nyumbani mwenye barua ao picha za zamani za masomo yetu, atuletee tuone, tutamrudishia.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la klasi ya sita