Louis Leakey: Mwana wa mishonari aliyeacha njia ya wazazi akafuata mawe ya Nakuru

MSAFIRI anayetoka Naivasha kuelekea Nakuru hupita Gilgil, kisha Ziwa Elementaita likamfungukia upande wa kushoto. Upande wa kulia, karibu na machimbo ya udongo mweupe wa diatomaiti, ndipo ilipo Kariandusi, mahali ambapo mashoka ya mawe yaliyochongwa karibu miaka milioni moja iliyopita yangali yametapakaa ardhini.

Ulimwengu ulipata kuyajua mashoka hayo mnamo 1929, wakati wa uchimbaji ulioongozwa na kijana wa miaka 26. Laiti kijana huyo angaliifuata kazi aliyotarajiwa kuifanya, wakati huo angalikuwa akihubiri kanisani.

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa Agosti 7, 1903 katika misheni ya Kabete, viungani mwa Nairobi. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mishonari wa Kianglikana aliyeshiriki kuitafsiri Biblia kwa Kikuyu. Louis alikua akicheza na watoto wa Agikuyu, akaizungumza lugha yao kama mmoja wao, akaingizwa katika rika lake kwa desturi za jamii hiyo, na alipokuwa angali mvulana akajijengea nyumba yake mwenyewe kama walivyofanya wenzake.

Ilieleweka kwamba naye angekuwa mishonari. Si kwamba alishurutishwa; yeye mwenyewe alikusudia hivyo.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomvuta tangu utotoni. Akiwa na miaka kama 12 alitumiwa kutoka Uingereza kitabu cha watoto kilichosimulia habari za watu wa zama za mawe. Akaanza kuokota vipande vyeusi ving'aavyo kama kioo, ambavyo mvua ilivifukua kwenye vijia vya Kabete. Wazee wa Agikuyu walivijua vipande hivyo. Walisema ni nyembe za mizimu. Mvulana alivipeleka kwa Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, akaambiwa kwamba baadhi yake ni zana halisi za binadamu wa kale. Mawe ya aina hiyo, obsidiani, ni mazao ya volkano, na machimbuko yake makubwa yako katika Bonde la Ufa, pande za Naivasha.

Mnamo 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako Kikuyu kilikubaliwa kuwa mojawapo ya lugha alizotahiniwa. Mwaka uliofuata aliumizwa kichwani katika mchezo wa raga. Maumivu yakakataa kumwachia, kumbukumbu ikayumba, na daktari akamwamuru aviweke vitabu kando kwa mwaka mzima akae mahali penye hewa safi.

Kwa mwanafunzi asiye na mali, hilo lilikuwa pigo. Hata hivyo, makumbusho ya Uingereza yalikuwa yakitafuta mtu anayeifahamu Afrika ili aandamane na msafara wa kuchimbua mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, karibu na Lindi, Tanganyika. Leakey alikwenda mnamo 1924. Kiongozi wake, Mkanada W. E. Cutler, alimfundisha namna ya kuufukua mfupa pasipo kuuvunja na kuufunga kwa plasta kabla ya safari. Cutler mwenyewe alifia huko kwa malaria mnamo 1925, baada ya Leakey kurejea Uingereza.

Msomaji asitarajie hapa kisa cha ndoto ya usiku au sauti kutoka mbinguni. Leakey alikuwa amepewa mwaka mmoja wa kujipima, na aliutumia akifanya kwa jasho kile alichokipenda utotoni kama mchezo. Jua, kupanga wapagazi, uhaba wa maji: yote hayo hayakumtoa hamu. Wako wengi nchini mwetu ambao alama za mtihani wa Kidato cha Nne huwachagulia kozi kabla ya wao kupata nafasi kama hiyo, na baadhi huitafuta wakiwa na miaka 40.

Aliporudi Cambridge mnamo 1925 aligeukia akiolojia na anthropolojia, akafuzu katika daraja la kwanza mwaka uliofuata. Ukasisi aliuacha, ingawa imani hakuiacha. Bado mnamo 1926, akiwa na mwenzake mmoja na fedha kidogo, alirejea Kenya na kupiga kambi katika mashamba ya walowezi pande za Nakuru na Elementaita.

Hapo ndipo uamuzi wake ulipoanza kuzaa. Walifukua makaburi ya kale karibu na Nakuru. Katika Pango la Gamble, kusini mwa mji huo, walikuta tabaka juu ya tabaka la majivu, mifupa na maelfu ya visu vya obsidiani. Alama za fuo za kale zilizobaki milimani zilionyesha kwamba Ziwa Nakuru na Elementaita yaliwahi kuwa ziwa moja kubwa. Mwaka 1931 aliyachapisha matokeo hayo katika kitabu kuhusu tamaduni za zama za mawe za Kenya.

Hakupatia kila kitu. Vipindi vya mvua nyingi alivyovipa majina ya pande hizo wataalamu walivikataa baadaye, na visu vya Pango la Gamble vimeonekana kuwa vya karibuni zaidi kuliko alivyodhani.

Uamuzi huo ulimgharimu pia. Mnamo 1935 mwanajiolojia aliyekuja kukagua mahali alipopata mifupa ya Kanam, karibu na Ziwa Victoria, aliona kwamba Leakey hangeweza kupaonyesha kwa uhakika, akatangaza hivyo hadharani. Mwaka uliofuata ndoa yake ya kwanza ilivunjika, na mlango wa kazi Cambridge ukafungika. Alirudi Kenya na mkewe wa pili, Mary. Mary ndiye aliyechimba Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi, nje kidogo ya Nakuru, mnamo 1937 na 1938. Kisha wawili hao wakachimba pango la Mto Njoro, walikokuta mabaki ya watu waliochomwa na kuzikwa na shanga na bakuli za mawe.

Wakenya wengi wanamkumbuka kwa jambo lisilo la mawe kabisa. Katika kesi ya Kapenguria iliyoanza mwishoni mwa 1952, alikuwa mkalimani dhidi ya Jomo Kenyatta, hadi mawakili wa utetezi walipomlaumu kwa upendeleo akajiondoa. Ujuzi wa Kikuyu aliopewa bure Kabete ukawa chombo cha serikali ya kikoloni. Doa hilo halifutiki kwa wingi wa mifupa aliyoipata.

Umaarufu mkubwa ulimjia baada ya Julai 17, 1959, Mary alipoliona fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai, Tanganyika. Leakey alikuwa na umri wa miaka 55, na zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita tangu kambi ya Elementaita.

Alifariki London Oktoba 1, 1972. Mwili wake uliletwa Kenya ukazikwa Limuru, karibu na makaburi ya wazazi wake.