Kabla ubadilishe hom thieta yako, mjue Alan Blumlein

Huenda una hom thieta ya spika tano na wufa moja hapo sebuleni, na kila ukipita Luthuli Avenue jijini Nairobi muuzaji anakuambia ati imepitwa na wakati. Sasa ni Dolby Atmos, anasema, sauti hadi darini. Unajiuliza kama utoe pesa au uachane nayo. Tulia kidogo umjue Alan Dower Blumlein, maana swali unalojiuliza lina uhusiano mkubwa na maisha yake.

Alizaliwa Juni 29, 1903, mtaani Hampstead, London. Babake alikuwa mzaliwa wa Ujerumani. Shuleni kusoma kulimlemea. Hata alipofika umri wa miaka 12 bado alihangaika na maandishi. Lakini mambo ya umeme? Huko hakuwa na mpinzani. Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka saba alirekebisha kengele ya mlango wa kwao, kisha akampelekea babake bili ya kazi hiyo. Baadaye alihitimu uhandisi kwa daraja la kwanza katika chuo cha City and Guilds, akaajiriwa kushughulikia nyaya za simu.

Mwaka wa 1929 alijiunga na kampuni ya santuri ya Columbia. Wakati huo waliorekodi muziki kwa umeme walilazimika kuwalipa Wamarekani waliomiliki haki za mtambo uliotumika. Blumlein akapewa kazi ya kubuni mtambo mwingine usiogusa haki hizo, na akaubuni. Mnamo 1931 Columbia iliungana na wenzake ikawa EMI.

Mwaka huo ndio alioenda sinema na mpenzi wake Doreen, ambaye walioana 1933. Filamu zenye sauti zilikuwa bado ngeni. Mwigizaji anavuka hadi upande mmoja wa skrini, sauti yake inabaki kwenye spika ileile! Watu wengine waliona ni kawaida. Blumlein alikereka, akamwambia Doreen kwamba anajua jinsi ya kuifanya sauti imfuate mtu.

Si maneno matupu. Desemba 14, 1931 aliwasilisha ombi la kulinda uvumbuzi wake, na ndani yake mlikuwa na karibu kila kitu cha stereo: jinsi ya kupanga maikrofoni mbili, jinsi ya kuchonga santuri ili kuta mbili za mfuo mmoja zibebe sauti mbili tofauti, na jinsi masikio mawili yanavyoidanganya akili ikaamini kuna mtu amesimama mahali pasipo na spika yoyote. Alitengeneza hata filamu za majaribio za watu wakitembea jukwaani huku wakiongea. Mwaka wa 1934 alirekodi okestra iliyoongozwa na Thomas Beecham katika studio za Abbey Road.

Hapo ndipo pesa zako zinapoingia. Alichogundua Blumlein ni kwamba spika mbili zinazobeba habari tofauti, zikiwa mahali pazuri, zinatosha kuchora jukwaa zima mbele yako. Spika nyingi zinazobeba sauti ileile hazichori chochote. Atmos, iliyoingia sinemani 2012, imeendeleza fikira hiyo: kila sauti huandikiwa mahali pake, hata juu ya kichwa, na mashine huigawia spika zilizopo. Ni nzuri mno, ikiwa filamu yenyewe imetengenezwa hivyo. Lakini kama wewe hutazama zaidi habari, mechi na video za YouTube, nyingi za hizo hukujia kwa stereo tu. Utakuwa umenunua spika za darini zisizo na la kusema. Na zile zinazorusha sauti juu ili igonge dari na kurudi huhitaji dari tambarare na ngumu. Kwenye paa lililoinama sauti hupotelea huko. Mimi ningesogeza kwanza zile nilizo nazo, zile mbili za mbele zitoke pembeni mwa kabati, zilingane umbali na kochi. Hiyo ni bure.

EMI haikuuza stereo wakati huo. Iligeukia televisheni, na Blumlein akawa miongoni mwa waliounda mfumo wa mistari 405 ulioanza kutumiwa na BBC mwaka wa 1936. Kisha vita vikaja, akaingia kwenye siri za rada.

Juni 7, 1942 alipanda ndege aina ya Halifax kuijaribu rada ya H2S, iliyowaonyesha marubani ardhi hata gizani. Injini ilishika moto, ndege ikaanguka karibu na Welsh Bicknor na kuua wote 11. Alikuwa na miaka 38, baba wa wavulana wawili, na hataza 128. Kifo chake kilifichwa ili adui asijue Uingereza imepoteza nani.

Haki yake juu ya stereo iliongezewa muda, ikaisha 1952. Santuri za stereo zilijaa madukani 1958, zikiwa zimechongwa kwa mfuo uleule aliouchora.