Johann Ludwig Krapf: Shahidi wa Theluji ya Mlima Kenya

Asubuhi ya kiangazi, kabla mawingu hayajapanda, mtu aliyesimama Giakanja, katika Tetu ya Nyeri, huuona Mlima Kenya upande wa kaskazini mashariki. Wenyeji huuita Kirinyaga, makao ya Ngai, na tangu jadi wazee waliuelekea walipoomba mvua. Weupe wa kilele chake umekuwa ukipungua kizazi baada ya kizazi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili humtaja Johann Ludwig Krapf kwa sababu ya kamusi yake, na aghalabu husahau kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuushuhudia weupe huo, na kwamba ushahidi wake ulidharauliwa.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani, katika nyumba ya wakulima. Alipata mafunzo ya umisionari, akatumwa Uhabeshi mwaka 1837. Alipozuiwa kuendelea na kazi huko alielekea kusini, akafika Unguja Januari 1844, kisha Mombasa akiwa na barua ya Sayyid Said. Mwezi Julai mwaka huo huo homa ilimwua mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga. Krapf hakurejea kwao. Alijifunza Kiswahili kwa msaada wa wenyeji, akaanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo, na mwaka 1846 akaanzisha kituo cha Rabai pamoja na mwenzake, Johannes Rebmann.

Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Inasimuliwa kwamba kiongozi wake wa safari, kwa kukosa neno la kitu kile cheupe, alikiita baridi tu. Mwaka uliofuata Krapf alisafiri hadi Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, ambaye alimweleza habari za mlima mwingine mweupe. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka, Krapf akauona kwa mbali, vilele vyake vimesimama mfano wa pembe mbili. Jina alilolisikia kwa Wakamba ndilo lililokuja kuwa Kenya. Wengi hulihusisha na manyoya ya mbuni, meusi kwa meupe, kama mwamba na barafu.

Habari hizo zilipofika Ulaya zilikutana na kejeli. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuikanyaga nchi hii, alishikilia kwamba theluji ya kudumu haiwezekani karibu na ikweta. Krapf alirudi Ukambani mwaka 1851, lakini Kivoi aliuawa na wavamizi karibu na mto Tana, naye Krapf akanusurika kwa taabu ya njaa na kiu. Mwaka 1853 afya yake ilimlazimu kurudi Ujerumani, ambako pia alipeleka miswada ya tenzi za kale, ukiwemo Utenzi wa Herekali. Alifariki huko Korntal tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, na mwaka 1883 Joseph Thomson akauona mlima na kumthibitisha. Krapf hakuishi kuyaona yote mawili.

Hapana budi kukiri kwamba wamisionari wa aina yake waliwafungulia njia watawala wa kikoloni. Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Krapf aliamini maneno ya Kivoi, kisha akaenda kutazama kwa macho yake.

Leo shaka imegeuka. Jambo la kuthibitisha si kuwapo kwa barafu bali kutoweka kwake. Kati ya barafu za kudumu 18 zilizohesabiwa mlimani zamani, kadhaa zimekwisha kabisa. Ile ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba barafu za Afrika Mashariki huenda zikaisha kufikia miaka ya 2040, na za Mlima Kenya mapema zaidi.

Ni kweli kwamba mito yetu hutegemea zaidi mvua na misitu kuliko barafu. Gura na Chania, mito ya upande wa Giakanja, hutoka Nyandarua. Lakini joto linaloyeyusha barafu ndilo linalovuruga majira ya mvua, na msitu uliokauka huwaka upesi. Barafu ni dalili. Ugonjwa umo katika maji, chai na kahawa ya mkulima.

Krapf alitegemea ushahidi wa Mkamba, naye Cooley akaupuuza kwa kuwa haukutoka vitabuni. Tusirudie kosa hilo. Wapo wazee Tetu wanaokumbuka weupe wa mlima ulivyokuwa utotoni mwao na mito ilivyojaa. Ni wajibu wetu, tulio warithi wa kamusi ile, kuyaandika masimulizi yao kabla jina la Kenya halijabaki bila weupe uliolizaa.