Mathews: Kutoka doria za Pemba hadi Waziri wa Kwanza wa Zanzibar

Na Mwandishi Wetu

SHUMBA, katika Wilaya ya Micheweni kaskazini mwa Pemba, inatazama bahari ambayo miaka 150 hivi iliyopita ilikuwa uwanja wa kuviziana. Majahazi yaliyosheheni watumwa yalivuka usiku kutoka Mrima, mwendo wa kilometa 50 hivi, yakijitahidi kuingia kwenye vijito vya mikoko kabla ya kupambazuka. Nyuma ya visiwa vidogo vilivyozunguka Pemba, mashua za Waingereza zilijibanza zikiyasubiri.

Miongoni mwa maofisa wa kikosi hicho cha doria alikuwamo kijana Lloyd William Mathews, ambaye baadaye angeishika Serikali ya Zanzibar mikononi mwake kwa miaka kumi.

Mathews alizaliwa Machi 7, 1850 katika mji wa Funchal, kisiwani Madeira. Alijiunga na Jeshi la Wanamaji la Uingereza mwaka 1863, akiwa bado mtoto wa miaka 13. Baada ya vita vya Ashanti, katika nchi ambayo leo ni Ghana, alipandishwa cheo kuwa luteni mwaka 1874. Mwaka uliofuata alipangiwa kazi katika manowari HMS London, iliyokuwa imetia nanga bandarini Unguja.

London ilikuwa meli kuukuu. Ilishushwa majini mwaka 1840, ikapigana katika vita vya Crimea, na ilipoletwa Zanzibar mwaka 1874 haikukusudiwa tena kukimbizana na mtu. Ilikuwa kambi inayoelea, yenye ghala, karakana na hospitali. Kazi yenyewe ilifanywa na mashua zake za makasia, za tanga na za mvuke, ambazo zilitawanywa kwa majuma kadhaa pwani ya Pemba na Unguja. Mabaharia walilala humo humo mashuani, mvua yao na jua lao, na homa ya malaria iliwapukutisha kuliko risasi.

Kwa nini Pemba? Aprili 1872 kimbunga kikali kiliangusha mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Bei ya karafuu ikapanda, mashamba ya Pemba yakapanuliwa, na wenye mashamba wakataka watu wa kupalilia na kuchuma. Juni 5, 1873 Sultani Barghash bin Said, chini ya shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la Unguja. Hivyo mahitaji yalikuwa yakiongezeka wakati ule ule njia halali ikizibwa. Magendo yasingekosa kushamiri.

Doria nazo hazikuwa safi kama zilivyosimuliwa Ulaya. Wanamaji walilipwa tuzo kwa kila mtumwa na kila jahazi lililokamatwa, na tamaa ya tuzo iliwafanya wengine wachome vyombo vya wafanyabiashara wasio na hatia. Walioachiwa huru nao hawakurudishwa makwao; wengi walikabidhiwa kwa wamisionari wa Mbweni, Unguja, na wengine Freretown, Mombasa.

Agosti 1877 Mathews aliazimwa kwa Barghash ili amjengee jeshi la mtindo wa Ulaya. Hadi hapo Sultani alitegemea zaidi askari wa Kiarabu na Wabaluchi. Mathews akaandikisha Waafrika, akawafundisha kwata, na Uingereza ikampa Sultani bunduki 500 aina ya Snider. Kufikia 1880 jeshi hilo lilikuwa na askari wapatao 1,300. Mwaka 1881 Mathews aliacha utumishi wa jeshi la wanamaji la nchi yake, akabaki na Sultani.

Mwaka huo huo Pemba ilimwita tena. Desemba 3, 1881 mkuu wa London, Kapteni Charles Brownrigg, akiwa na watu wachache katika mashua ya mvuke, alilikaribia jahazi lililopepea bendera ya Ufaransa. Ufaransa haikuruhusu Waingereza kupekua vyombo vyenye bendera yake, na wasafirisha watumwa walilijua hilo vizuri. Brownrigg alitaka kuziona hati tu. Nahodha wa jahazi, Hindi bin Hattam, na watu wake waliwafyatulia risasi, kisha wakairukia mashua. Brownrigg aliuawa pamoja na baadhi ya mabaharia wake.

Mathews aliongoza kikosi kidogo cha askari wa Sultani hadi Wete, na baada ya mapigano mafupi akamkamata Hindi akiwa na majeraha yaliyomuua baadaye. Tukio hilo lilimpa sifa kubwa. Hata hivyo, London yenyewe iliondolewa Zanzibar miaka miwili tu baadaye, na 1884 ikauzwa ili ivunjwe.

Si kila safari yake ilifanikiwa. Septemba 1888, wananchi wa Pangani walipowaasi Wajerumani, Sultani Khalifa alimtuma Mathews akatulize hali. Alilazimika kuondoka bila kupata kitu. Mwaka 1895 alijeruhiwa bega huko Mwele, katika vita dhidi ya Mbaruk bin Rashid.

Zanzibar ilipowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890, mambo yalibadilika upesi. Oktoba 1891 Mathews aliteuliwa kuwa Waziri wa Kwanza. Hazina, forodha na jeshi vikawa chini yake, na Sultani akawa analipwa posho katika nchi yake mwenyewe. Agosti 27, 1896, Sayyid Khalid bin Barghash alipoishikilia kasri, Mathews alisimama upande wa manowari za Kiingereza zilizoishambulia kwa dakika 40 hivi, na Hamud bin Mohammed akakalishwa kwenye kiti.

Hapo ndipo penye kitendawili cha maisha yake. Aliyewavizia wasafirisha watumwa alipokuwa kijana, sasa akiwa waziri alitaka utumwa uondolewe polepole, kwa hofu kwamba mashamba ya karafuu yangekosa wafanyakazi na hazina ingekosa kodi. Wapinga utumwa wa Uingereza walimshutumu vikali. Amri ya Aprili 1897 ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa, lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, bwana alifidiwa, na masuria hawakuhusishwa.

Mathews alifariki dunia mjini Zanzibar Oktoba 11, 1901 kwa malaria, akiwa na umri wa miaka 51, akazikwa kwa heshima zote za kijeshi katika makaburi ya Waingereza nje ya mji. Nafasi yake ikachukuliwa na A. S. Rogers. Masuria wa Unguja na Pemba walisubiri hadi mwaka 1909.