Ibnul-Baytar, Mwanachuoni wa Mimea

Ndugu mwanafunzi, matabibu wa zamani walipata dawa zao nyingi katika mizizi, majani, magome na mbegu. Aliyekosea jina la mmea aliweza kumpa mgonjwa sumu badala ya dawa. Jambo hili ndilo lililomshughulisha Ibnul-Baytar umri wake wote.

Jina lake ni Dhiyaud-Din Abdullah bin Ahmad. Alizaliwa Malaga, katika Andalus, ambayo leo ni Hispania, mwishoni mwa karne ya 12 Miladia. Alisoma kwa Abul-Abbas an-Nabati, na pamoja na mwalimu wake huyo alikusanya mimea katika viunga vya Seville.

Kiasi cha mwaka 1220 alifunga safari kwenda mashariki. Alipita pwani ya Afrika Kaskazini mpaka akafika nchi za Warumi. Huko aliwatafuta wajuzi wa mimea, akajifunza kwao, na akaiona mimea yenyewe pale inapoota. Baadaye aliingia Misri, na Sultani al-Kamil akamfanya mkuu wa wataalamu wa mitishamba. Sultani huyo alipofariki mwaka 1238, aliendelea kumtumikia mwanawe, as-Salih.

Mwanafunzi wake, Ibn Abi Usaybia, alikutana naye Damascus mwaka 633 Hijria (1235). Walitoka pamoja kutazama mimea nje ya mji. Mwalimu alitaja jina la mmea kwa Kigiriki, kisha maelezo ya Dioscorides na ya Galen, kisha ya waliokuja baada yao, akionyesha walipohitilafiana na walipokosea. Mwanafunzi alipoyalinganisha na vitabu, aliyakuta kama alivyoambiwa.

Kitabu chake mashuhuri ni al-Jami, kinachokusanya dawa na vyakula zaidi ya 1,400 kwa mpangilio wa herufi. Ndani yake amenukuu waandishi wapatao 150, kila mmoja kwa jina lake, na ameongeza dawa zipatazo 300 ambazo hazikuwa zimeelezwa kabla yake. Aliandika majina ya mimea kwa lugha mbalimbali, kwani mmea mmoja huitwa hivi hapa na vile kule, na muuza dawa huweza kuchanganyikiwa. Kitabu hicho kilipigwa chapa Cairo mwaka 1874, na katika miaka hiyo hiyo kikatafsiriwa kwa Kifaransa.

Ibnul-Baytar alifariki Damascus mwaka 646 Hijria (1248).

Ndugu mwanafunzi, angalia mwendo wa mtu huyu. Alivijua vitabu vya waliotangulia na akawapa haki yao kwa kuwataja. Hata hivyo, ukubwa wa jina la mwandishi haukumzuia kulisema kosa lake, kwa sababu kosa likinyamaziwa kitabuni humfikia mgonjwa kitandani. Nawe unaposoma, hifadhi, kisha hakikisha.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.